Nyundo, Taa na Mkuki

Agosti 2015, Beijing. Askari polisi kutoka Kenya anakimbia na mkuki wa gramu 800 mkononi, anaurusha, kisha anaanguka kifudifudi kama mtu aliyesukumwa mgongoni. Si bahati mbaya, ndivyo anavyorusha. Mkuki unatua kwenye mita 92.72 na Julius Yego anakuwa bingwa wa dunia. Kenya, pamoja na medali zote ilizovuna kwenye mbio, ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha kwa kurusha wala kuruka.

Sisi waandishi wa habari tulikuwa na kichwa cha habari tayari: Bwana YouTube. Hadithi wengi mnaijua. Kijana wa Nandi anapenda mkuki katika nchi isiyo na makocha wa mkuki. Utotoni anachonga miti na kuirusha. Akikua anaingia intaneti kafe, analipia muda wake, anamtazama Jan Železný wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway, halafu anarudi uwanjani kujaribu. Ni hadithi ya kweli, mwenyewe ameisimulia mara nyingi. Tumeila na kuinywa kama ngano ya intaneti inayomkomboa mtoto wa Afrika, tukaishia hapo.

Mimi nina swali ambalo halikuniacha. Alijifunza nini hasa kwenye zile video? Ukisema aliiga, utakwama mapema. Yego ni mfupi kuliko wale wawili kwa kama sentimita kumi. Mkono wake si mkono wao, hatua yake si hatua yao, hata uzito wa kifua chake ni mwingine. Akichukua pembe za kiwiko cha Thorkildsen kama zilivyo na kuziweka mwilini mwake, mkuki hauendi mbali. Video pia haimwambii umekosea wapi. Haikuoni. Sasa basi, mtu anawezaje kufundishwa na kitu kisichomwona, akaufanya mwili wake ujue jambo ambalo mwili mwingine, tofauti kabisa, ndio unalijua?

Jibu bora nililolipata halikutoka kwenye riadha wala kwenye intaneti. Lilitoka kwenye karakana ya Moscow, miaka tisini na ushee kabla ya Beijing, kwa mfanyakazi aliyekuwa anapiga patasi kwa nyundo huku amefungwa taa mkononi.

Karakana hiyo ilikuwa ndani ya Taasisi Kuu ya Kazi, na aliyeianzisha mwaka 1920 alikuwa mshairi. Aleksei Gastev alikuwa amefanya kazi ya vyuma viwandani, amefungwa na kuhamishwa na serikali ya mfalme, na ametoa kitabu cha mashairi kuhusu mfanyakazi na pigo la nyundo. Baada ya mapinduzi aliona kwamba kuandika mashairi hakutoshi, akaiita taasisi ile kazi yake kubwa ya sanaa. Shabaha yake ilikuwa kumtoa mkulima wa Urusi shambani na kumfanya fundi wa kiwanda kwa muda mfupi iwezekanavyo. Lenin alimuunga mkono. Mwongozo wake ulikuwa Frederick Taylor, yule Mmarekani wa kupima kazi kwa saa ya kupimia muda, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1911. Kila kazi ina mjongeo mmoja ulio bora kuliko yote. Utafute, uupime, kisha kila mtu aufuate.

Mafunzo ya nyundo yalikwenda hivi. Mwanafunzi alishika nyundo iliyounganishwa na mashine, na mashine ndiyo iliyoisogeza juu na chini. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuishika tu na kuuacha mkono upelekwe, mpaka mdundo ule umwingie kwenye nyama na mifupa. Wanafunzi kwa mamia walipitia njia hiyo. Usicheke haraka. Nenda kwenye uwanja wowote wa watoto siku ya Jumamosi, utamkuta kocha ameushika mkono wa mtoto na anaupeleka anavyotaka yeye, na mtoto ameulegeza mkono kama si wake.

Mwaka 1922 aliingia pale kijana wa miaka 26, Nikolai Bernstein, daktari aliyekuwa ametumikia jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, ami yake mtaalamu wa hisabati, na yeye mwenyewe alipenda piano, treni na vifaa vya kila aina. Kazi aliyopewa ilikuwa kupima pigo la nyundo ili ule mjongeo bora upatikane.

Kupima mwili unaojongea halikuwa jambo geni. Jijini Paris tangu mwaka 1882 Étienne-Jules Marey alikuwa na kituo kizima cha shughuli hiyo. Aliwavalisha watu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akawapiga picha nyingi juu ya kioo kimoja wakitembea, wakikimbia na kuruka. Huko Marekani Frank na Lillian Gilbreth walifunga taa ndogo kwenye mikono ya wafanyakazi wa viwandani, wakaacha kamera wazi, picha ikatoka na mchirizi wa mwanga unaoonyesha mkono ulikopita. Bernstein alizichukua njia hizi na kuziboresha. Taa aliziweka kwenye viungo: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, na nyingine kwenye nyundo. Mbele ya kamera kulikuwa na kisahani kinachozunguka na kuukata mwanga, hivyo mchirizi ukawa vitone, na vitone ukivihesabu unapata kasi. Wakati mwingine alitumia kioo ili aone pande mbili kwa picha moja.

Kwa maoni yangu taa zile ni babu wa saa tunazofunga mikononi leo. Ni kifaa, kimevaliwa mwilini, na kinageuza mjongeo kuwa namba.

Namba zilizotoka hazikumpa Gastev alichokitaka. Mafundi waliopimwa walikuwa wazoefu, watu wa kupiga patasi pigo baada ya pigo siku nzima. Kama kweli kuna mjongeo mmoja bora, ungetegemea kuuona kwao: bega linapita palepale, kiwiko palepale, kila mara. Haikuwa hivyo. Kila pigo lilitofautiana na lililotangulia. Bega liliteleza kidogo, kiwiko kikafidia. Kiwiko kikichelewa, kifundo kinarekebisha. Kilichokuwa kinarudi karibu palepale ni ncha ya nyundo. Viungo vinatangatanga, nyundo inafika.

Mimi hapo nilisimama kusoma, nikaweka kitabu chini kwanza.

Fikiria maana yake. Mkono kuanzia begani hadi kwenye kifundo una njia saba za kujongea: tatu begani, moja ya kukunja kiwiko, moja ya kuzungusha mkono wa mbele, mbili kwenye kifundo. Ili kugusa sehemu moja mezani unahitaji tatu tu. Zilizobaki ni za ziada, na kwa mhandisi wa mashine ziada hiyo ni kero, kwani kila kiungo kinataka kuongozwa. Anayeanza kujifunza hufanya kama mhandisi: anakaza. Mwangalie mtu anayeshika usukani wa gari kwa mara ya kwanza, mabega yamemfika masikioni. Amefunga viungo ili abaki na vichache vya kusimamia. Fundi amevifungua na kuviacha visaidiane. Kwa hiyo fundi hana mjongeo mmoja alioukariri. Ana tatizo moja, patasi ile pale, na kila pigo analitatua upya, kwa haraka kiasi kwamba anayemtazama anadhani amekariri.

Mazoezi basi, kwa Bernstein, ni kurudia kazi ya kutatua; lile jibu lenyewe halirudiwi. Mashine ya Gastev ilikuwa inamkabidhi mwanafunzi jibu na kumnyima swali.

Bernstein hakukaa sana kwenye taasisi ile. Kwingineko aliwapima wapiga piano, wazee, watoto wanaoanza kukimbia, na katika miaka ya 1930 wanariadha. Mmoja wao alikuwa Mfaransa Jules Ladoumègue, ambaye mwaka 1930 alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 sekunde 49.2, mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Kwa Mtanzania umbali huo una jina lake: Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, 3:32.2, rekodi ya dunia, naye ameongoza tangu mlio wa bastola. Nawaza michirizi ya taa za Bayi ingekuwaje. Hakuna aliyemfunga taa.

Gastev mwenyewe hakuuona mwisho wa jaribio lake. Alikamatwa mwaka 1938, akauawa kwa risasi mwaka uliofuata. Taasisi ya mshairi ikabaki bila mshairi.

Sasa nije kwenye vitabu, maana huu ni ukumbi wa wapenda vitabu na hapa ndipo habari ya Bernstein inaponiuma.

Cha kwanza alikiandika katikati ya miaka ya 1930. Kilikuwa hoja dhidi ya Ivan Pavlov, mtu mkubwa kuliko wote katika fiziolojia ya Urusi, mwenye tuzo ya Nobel ya mwaka 1904. Kwa Pavlov mwili hujibu: kengele inalia, mate yanatoka. Kwa Bernstein mwili huo unatafuta pia. Una jambo unalolitaka mbele yake, nao unajipanga kulifikia. Kitabu kilikuwa kimeshapangwa na mchapaji Pavlov alipofariki, Februari 1936. Bernstein akazuia kisichapwe, kwa kuwa mtu aliyekuwa anabishana naye hawezi tena kujibu. Sijui wangapi katika taaluma yangu wangefanya hivyo. Sisi tungekimbilia kuchapa wiki ileile, habari ikiwa bado ya moto. Kitabu kilitoka mwaka 2003.

Mwaka 1947 alitoa kingine kuhusu ujenzi wa mijongeo, na mwaka 1948 kikapata Tuzo ya Stalin. Ungedhani mambo yamenyooka. Lakini kipindi hichohicho ilianza kampeni ya kuwasaka wote waliodaiwa kumpinga Pavlov au kuwatukuza wageni, na Bernstein, Myahudi mwenye kunukuu wataalamu wa kigeni na mwenye hoja za wazi dhidi ya Pavlov, alikuwa windo rahisi. Mwaka 1950 akademia mbili za sayansi ziliitisha kikao cha pamoja cha kurudisha fiziolojia kwenye mstari wa Pavlov. Bernstein akapoteza kazi, akabaki bila maabara. Yule aliyekataa kumpiga maiti sasa anapigwa kwa jina la maiti huyohuyo.

Katika dhoruba hiyo kitabu chake kingine, kilichokuwa tayari kwa mchapaji, kilisimamishwa. Hiki hakikuwa cha wataalamu. Alikiandika kwa ajili ya watu wa kawaida, kuhusu ustadi: ni nini, unakuaje, kwa nini ukishajua kuendesha baiskeli husahau tena. Maandishi yalikaa miongo minne. Aliyeyaibua ni Iosif Feigenberg, daktari aliyefuatilia maisha ya Bernstein, na yalichapwa mwaka 1991, miaka 25 baada ya mwandishi kufa. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1996. Mwenyewe alikuwa amefariki Januari 1966. Kama daktari aliutambua ugonjwa wake wa ini bila kuambiwa na mtu, akanyamaza, akatumia muda uliobaki kumaliza kuandika.

Nimeisoma hiyo tafsiri kwenye daladala kati ya Mbezi na Posta, na nilipofika kwenye baiskeli nilicheka peke yangu, konda akanitazama. Mimi nilijifunzia kwenye Phoenix ya baba, ile kubwa nyeusi yenye bomba la juu. Miguu haifiki ukikaa kwenye kiti, kwa hiyo unapitisha mguu mmoja chini ya bomba, mwili umepinda upande, baiskeli imeinama upande wa pili, unapiga pedali hivyohivyo kijiji kizima. Hakuna kocha duniani angekubali mkao ule, wala hakuna mtu aliyenifundisha. Kaka zetu walituonyesha kwamba inawezekana, basi. Nilipokua na kukaa kitini, mkao wote ulibadilika siku moja: mgongo, magoti, mikono. Sikuanza upya. Nilichokuwa nakijua, kumbe, hakikuwa mkao.

Baada ya Bernstein, na kwa muda mrefu bila kumsoma, watafiti wa Magharibi walifika karibu na mahali palepale kwa majaribio madogo. Ninalolipenda zaidi ni la mwaka 1978, la Robert Kerr na Bernard Booth. Watoto walirusha vifuko vidogo kwenye shabaha. Kundi moja la watoto wa miaka minane lilifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu. Kundi jingine lilirusha futi 2 na futi 4, halikugusa 3 kabisa. Siku ya mtihani wote walirusha futi 3. Walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kuufanyia mazoezi umbali huo. Jaribio ni dogo, sitalibebesha dunia nzima, lakini mafundi wa Moscow wasingelishangaa.

Halafu kuna suala la mrejesho, yaani mtu kuambiwa amefanyaje. Tangu zamani iliaminika kwamba kadiri unavyoambiwa mara nyingi na upesi ndivyo unavyojifunza. Mwaka 1984 Alan Salmoni, Richard Schmidt na Charles Walter walipitia tafiti zilizokuwepo wakaona kasoro: wengi walikuwa wanampima mwanafunzi akiwa bado anaambiwa. Ukimwambia kila mara, leo atafanya vizuri. Ukinyamaza kesho, anaweza kupotea, kwa sababu alikuwa anaiegemea sauti yako kama fimbo, na vile vihisi vyake mwenyewe, vya misuli na viungo, havikupata kazi. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote, na bado wataalamu wanavutana kuhusu kiasi. Lakini hoja ya fimbo mimi naiamini, kwa kuwa nimewahi kuishikilia.

Fimbo yangu ni saa.

Historia ya fimbo hiyo ni fupi na inaanzia Finland. Seppo Säynäjäkangas, mhandisi wa chuo kikuu cha Oulu, alianzisha kampuni ya Polar mwaka 1977 akiwa na wazo la kupima mapigo ya moyo ya mtu anayeteleza kwenye theluji bila kumsimamisha. Mwaka 1982 walitoa mkanda wa kifuani unaopeleka mapigo kwenye saa ya mkononi bila waya. Kabla ya hapo ulisimama, ukaweka vidole shingoni, ukahesabu. Mwaka 2003 Garmin ikatoa saa za Forerunner zinazosoma setilaiti, na kasi nayo ikahamia mkononi. Mengine ni ya jana tu: hatua kwa dakika, oksijeni, usingizi, sukari ya damu. Mwaka 2021 chama cha baiskeli cha dunia kilipiga marufuku vipima sukari mashindanoni.

Yangu niliinunua mitumba, mkanda umepauka. Nilikuwa nakimbia asubuhi kuelekea Coco Beach, na saa ikawa inanisema: hatua zako kwa dakika ni chache, ongeza. Nikaongeza. Nilihesabu kichwani moja mbili moja mbili, nikiangalia mkono kila baada ya nguzo mbili za taa. Baada ya wiki tatu goti la kushoto lilivimba, na namba ilikuwa palepale.

Aliyenisaidia ni mwalimu mstaafu wa michezo anayefundisha vijana pale ufukweni bila malipo. Nilimwamkia, akanijibu marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama miguu.

"Kijana, mbona unakimbia kama unagonga mlango wa mtu?"

Nikamweleza habari ya saa. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa. Mimi nitakaa hapa nimekupa mgongo. Pita nyuma yangu. Sitaki nikusikie."

Nilipita. Akanisikia. Nikarudi, akanisikia tena. Mara ya tano au ya sita akageuka akiwa anacheka, "Ulipita saa ngapi?" Nilipotazama saa baadaye, zile hatua kwa dakika zilikuwa zimepanda zenyewe, bila mimi kuhesabu hata moja. Saa haikukosea, ilichokisema mwanzo kilikuwa kweli. Ila ilinipeleka kuitazama miguu yangu, na mwalimu alinipeleka kuisikiliza ardhi.

Jambo hili nalo lina jina. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha jaribio la watu waliojifunza kwenye kifaa cha kuigiza kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu ya kifaa chini yao walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao. Tofauti ni sentimita chache tu za mahali pa kuelekeza mawazo. Mwalimu wangu hajamsoma Wulf. Kule Iten, Brother Colm O'Connell alifika kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila kujua chochote kuhusu ukocha wa riadha, na miaka 36 baadaye mwanafunzi wake David Rudisha akakimbia mita 800 kwa 1:40.91 jijini London. Kila anayeelezea alichokifanya katikati anarudi kwenye neno moja: alitazama. Kutokujua kulimlazimisha atazame.

Sasa naweza kumrudia Yego pale kwenye intaneti kafe. Nadhani tulikosea tuliposema video ilimfundisha kurusha. Video ilimpa kitu ambacho mashine ya Gastev haikumpa mwanafunzi, yaani sura ya nyundo inavyofika. Aliona mkuki unatoka mkononi ukiwa umelala namna gani, unavyokata hewa, unavyochoma nyasi. Mwili wa kulifikia jambo hilo ilibidi autafute mwenyewe, na kila jioni ya kujaribu alikuwa na hakimu asiyedanganya: mkuki wake umeanguka wapi. Mrejesho ulikuwepo, ila haukuwa unampigia kelele sikioni.

Lakini, na hapa ndipo kichwa chetu cha habari kilipoficha habari, njia hiyo ilimfikisha mahali ikakoma. Mwaka 2011 alishinda dhahabu ya michezo ya Afrika mjini Maputo. Kisha shirikisho la riadha la dunia likamlipia kwenda Kuortane, Finland, kwenye kituo cha nchi ambako mkuki unapendwa sana, chini ya kocha Petteri Piironen. Baada ya hapo ikaja London 2012, nafasi ya 12. Moscow 2013, ya nne. Glasgow 2014, dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Ndipo Beijing. Sisi tulitoa sifa zote kwa YouTube kwa sababu kocha wa Finland anaharibu hadithi, na kwa sababu hadithi ya mtoto asiyehitaji kocha inawapa nafuu wale ambao kazi yao ilikuwa kumtafutia kocha. Kijana mwingine aliyekaa kwenye kiti cha jirani pale kafe, akatazama video zilezile, hakuenda Kuortane, na hatumjui jina. Nimewahi kuandika habari za viongozi wa michezo wanaosimama jukwaani kusema siku hizi kila kitu kipo mtandaoni. Walipigiwa makofi.

Beijing ile, aliyekuja wa pili alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri, mita 88.99. Mfini Tero Pitkämäki akawa wa tatu. Rio 2016 Yego alirusha mita 88.24 mara ya kwanza, akaumia kifundo cha mguu, akatolewa kwenye kiti cha magurudumu, na mrusho ule mmoja ukampa fedha. Paris 2024, akiwa na miaka 35, alifika mita 87.72 na kushika nafasi ya tano. Dhahabu ilikwenda Pakistan, fedha India.

Nimeitazama tena ile fainali ya Paris kwenye simu, nikirudisha nyuma sekunde chache kila mara, miguu, nyonga, bega, mpaka nikagundua nafanya kosa la saa yangu. Nikaiacha iende. Mkuki ulitoka, Yego akaenda chini kifudifudi kama kawaida yake, akainua kichwa kuutafuta.